Mama Karatasi na Pumzi za Miaka Thelathini na Minne

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtaalamu wetu wa tiba ya matamshi atafunga mlango wa Chumba Namba Kumi na Moja na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda huo ameona wakurugenzi saba wakija na kuondoka, amehamishwa chumba mara tatu bila kuhama jengo, na amekosa kazini bila kuaga mara mbili tu. Mara zote mbili alikuwa anajifungua.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kijitabu hiki, tena wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Lakini atakayepokea hizo funguo ni mimi, na tangu mwezi uanze sina raha. Usingizi unakuja kwa kubembelezwa, chai inapoa mbele yangu, na kila nikipita kwenye ile korido najikuta nahesabu siku. Kwa hiyo mtanisamehe uchangamfu ukiwa unakatikakatika. Isitoshe, kuna jambo ambalo yeye mwenyewe ameniagiza niliandike, na si la kuchangamsha hata kidogo. Nitalifikia.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya watoto. Siku moja likaja tangazo la mafunzo ya kuwasaidia watu wanaopata shida ya kutamka, na muuguzi mkuu wa wakati ule akauliza nani yuko tayari kwenda. Wote wakaangalia chini. Yeye naye aliangalia chini, ila alikuwa amekaa mbele. Aliporudi baada ya mwaka mmoja alipewa stoo ya vitanda vibovu, kioo cha mkononi, na meza ya miguu mitatu iliyokamilishwa kwa tofali. Meza ilishabadilishwa zamani. Tofali lipo, linazuia mlango usijifunge, na limo kwenye orodha ya vitu ninavyokabidhiwa.

Kwa wasiojua kinachofanyika mle ndani, nieleze kidogo. Wengi wetu tulikariri shuleni ile orodha ya vikwamizo, f na v, th na dh, s na z, sh, gh, h, tukaijibia mtihani na kuisahau tulipofika getini. Yeye ameishi humo. Sauti kama p au t, huwaambia wagonjwa, ni mlango unaofungwa kabisa kisha ukafunguliwa ghafla. Kikwamizo ni kitu kingine. Njia haizibwi, inabanwa tu, na hewa inalazimika kujipenyeza kwenye upenyo mwembamba huku ikilalamika. Malalamiko hayo ndiyo sauti yenyewe. Mumewe ni fundi bomba, na ndiye aliyempa mfano anaoutumia mpaka leo: mpira wa maji ukiuziba kwa kidole hayatoki, ukiuachia yanamwagika kimya, ukiubana nusu yanaruka kwa kelele mpaka kwa jirani. Ukutani mwake kuna maneno mawili yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Usizibe. Bana."

Kinachotofautisha kikwamizo kimoja na kingine ni mahali pa kubania. F inabanwa kati ya mdomo wa chini na meno ya juu, na yeye huanza nayo kwa sababu mgonjwa anaiona mwenyewe kwenye kioo. Th inataka ncha ya ulimi ichungulie kati ya meno, na hapo watu wazima hukwama, maana tangu utotoni waliambiwa kutoa ulimi ni utovu wa adabu. S ndiyo yenye matata kuliko zote. Ulimi unausogelea ufizi wa juu bila kuugusa, unajikunja katikati uwe kama kijifereji, na hewa inapita humo humo ikiwa nyembamba kama sindano mpaka inagonga meno ya mbele. Ukirudisha ulimi nyuma kidogo na kuutandaza, umeshapata sh. Gh iko kule nyuma kabisa, shina la ulimi linapoinuka kulikaribia kaakaa laini. H haina habari na ulimi, inabanwa kooni. Halafu ukiongeza mtetemo wa nyuzi za sauti, s inageuka z na f inageuka v, na huo mtetemo unapapaswa kwa vidole shingoni. Ndiyo maana utawakuta wagonjwa wake wamejipanga kwenye benchi, kila mmoja amejishika koo. Mlinzi mmoja mgeni aliwahi kuja mbio na jagi la maji akidhani wamepaliwa wote kwa pamoja.

Jina la Mama Karatasi alipewa na watoto. Chombo chake kikuu ni kipande cha karatasi ya shashi, upana wa vidole viwili, anachokishika mbele ya mdomo wa mgonjwa: kwanza katikati, kisha pembe ya kushoto, kisha ya kulia. Hewa ikitoka panapostahili, karatasi inacheza katikati na kutulia pembeni. Ikivujia shavuni, karatasi inamsaliti mwenye mdomo pale pale. Kwenye daftari la wagonjwa wanaoruhusiwa kuna safu ya sikio na safu ya karatasi, na siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba sikio humwonea mtu huruma, kwa hiyo nisiruhusu mtu bila kujaza zote mbili.

Wakongwe mnakumbuka kisa cha mkurugenzi wa nne, aliyekuwa na s yenye mluzi. Katika mkutano wa mwaka alisimama kuwashukuru wafanyakazi, na Mama, aliyekaa mstari wa mbele, kwa mazoea tu, akainua kipande cha shashi. Mkurugenzi akakiona. Ukumbi mzima ukakiona. Watu walishaanza kumwonea Mama huruma kwa barua ya uhamisho itakayomfikia. Wiki iliyofuata bosi alipita mlango wa nyuma kwenda Chumba Namba Kumi na Moja, akidai anakagua madirisha. Aliyakagua kila Jumatano kwa wiki kumi na moja, na hotuba yake ya mwaka uliofuata haikuwa na mluzi.

Mimi nilifika miaka tisa iliyopita. Ni mwoga wa kuzaliwa, sifichi. Naogopa simu inayoita mara moja na kukatika, naogopa bahasha yenye muhuri, naogopa ukimya wa mgonjwa baada ya kuulizwa swali. Mama amenitania kwa hilo miaka yote tisa. Husema mimi nikikosa la kuogopa, naogopa kwamba nimelisahau. Lakini nikiwa naye chumbani woga wangu ulikuwa na mahali pa kukaa. Nikitilia shaka sauti ya mtu, nilimtazama. Akitikisa kichwa kukubali, mgonjwa ameshapona. Ndivyo tulivyofanya kazi, na ndiyo maana yaliyotokea yalinikata maini.

Sasa lile jambo.

Wiki kumi zilizopita mumewe alikuwa nje akirekebisha bomba la uani, akasikia harufu ya gesi. Alipoingia jikoni alimkuta Mama amesimama hatua mbili kutoka kwenye jiko, anapanga vyombo, huku kifundo cha jiko kimefunguliwa mpaka mwisho bila moto. Mafua yalikuwa yamemziba pua, harufu hakuipata. Hilo lilieleweka. Ambalo halikueleweka ni ile sauti. Mzee anasema gesi ilikuwa inapuliza hadi mlangoni, s moja ndefu isiyokata, na mke wake, mtu aliyeishi kwa kusikiliza s za watu, anapanga vyombo.

Nyumbani alicheka, akamwambia mumewe ni mawazo tu ya kustaafu. Kesho yake asubuhi aligonga mlango wa jirani yetu wa korido, mpima masikio. Tangu upimaji wa mwisho wa wafanyakazi ilikuwa imepita miaka miwili, na wakati ule masikio yake yalikuwa mazima. Nilimwona kupitia kioo cha kile kijumba cha kupimia. Alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, kidole kimekaa juu ya kitufe, kwa kuwa kila ukisikia sauti unabonyeza. Mwanzoni alibonyeza haraka haraka. Halafu akaacha. Alikaa ametulia, anatabasamu, anasubiri sauti nyingine ije, na mpima masikio alikuwa anampelekea moja baada ya nyingine. Nilitaka kugonga kioo.

Matokeo yalikuwa mstari unaokwenda sawa na kisha kuporomoka. Sauti nene za chini alizisikia vizuri, na ndiyo maana tulizungumza naye kila siku bila kugundua kitu. Zile nyembamba za juu, ambamo s, f na th zinakaa, zilikuwa zimemtoka polepole, na akili yake, kwa kuyajua maneno, ikawa inazijazia yenyewe. Aliikunja ile karatasi ya matokeo, akaitia mkobani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara kumweleza kwamba hatapokea tena mgonjwa mpya peke yake. Kisha akarudi akafanya kazi hadi jioni na mimi pembeni yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuta daftari la walioruhusiwa liko wazi juu ya meza yangu.

"Sijui ni tangu lini sisikii," aliniambia. "Sasa hawa niliowaambia wamepona, mwanangu, niliwasikia kwa masikio gani?"

Nilihesabu mistari kwa kidole. Walikuwa watu thelathini na mmoja katika miaka hiyo miwili, na kila mmoja alikuwa ametoka mle ndani akiamini neno lake. Alikuwa amebakiza wiki kumi na moja kazini. Alisema hatatoka mlangoni huku hajui kama neno lake lilikuwa la kweli, na kama kuna mgonjwa aliyedanganywa nalo, hata kwa bahati mbaya, atamtafuta.

Tuliwaita wote. Tulipiga simu wakati wa mapumziko ya mchana, tukisema ni ufuatiliaji wa kawaida. Walikuja mmoja mmoja: mwenye duka la vitabu aliyewahi kupooza upande mmoja, mapacha wa yule mpishi wa kantini, msichana aliyefanyiwa upasuaji wa kaakaa, kinyozi, dereva. Mimi nilisikiliza, yeye alishika karatasi. Kila mgonjwa alipofungua mdomo Mama alikuwa hamtazami mgonjwa, ananitazama mimi, na mimi nilikuwa najikaza uso usionyeshe lolote kabla sijawa na hakika. Kumbe uso wangu haujui kujikaza. Aliniambia baadaye kwamba katika wiki hizo nilimzeesha kuliko miaka yote thelathini na minne.

Wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili mzima. Tulipofika ishirini nilianza kupumua, kisha nikaogopa kwamba nimeanza kupumua mapema. Mwisho wa wiki ya tano walikuwa wamepita watu thelathini, na wote thelathini walikuwa wazima, kwa sababu moja tu ambayo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari kwa mkono wake: karatasi, karatasi, karatasi. Sikio lake lilikuwa limeanza kumkimbia, lakini hakuwahi kuliachia kazi peke yake.

Isipokuwa kwa mmoja. Kwenye mstari wa ishirini na saba, safu ya karatasi ilikuwa na kistari tu.

Huyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alianguka na baiskeli, akapoteza meno manne ya mbele, akawekewa ya bandia, na s yake ikaanza kuvujia pembeni. Alikuja kwetu mwenyewe, kwa suti na tai, mtu wa makamo aliyemzidi Mama umri kwa miaka michache, kwa sababu alisema watoto ndio wanajifunza herufi kwake na hataki kuwapa herufi mbovu. Namba yake ya simu ilikuwa haipatikani. Nilipomuuliza Mama kuhusu kile kistari, alinieleza. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima zake, anamwita dada, anakaa amenyooka kama yuko mbele ya mkaguzi. Siku ya mwisho, wakiwa wawili tu chumbani, Mama aliiinua karatasi, akamtazama yule mzee na tai yake, akaona ni kumdhalilisha kumshikia kipande cha shashi mdomoni kama mtoto. Akairudisha mezani. Akamwambia asome ukurasa mmoja, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaandika amepona. Ilikuwa ni miezi minane iliyopita.

Miezi minane, mbele ya darasa la kwanza. Nadhani sote wawili tuliwaza kwa wakati mmoja: ni watoto wangapi?

Shule iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Tulienda asubuhi ya Jumatatu, kabla ya zamu. Njiani nilijaribu kumpa moyo, nikamwambia pengine yuko sawa tu, yeye akanijibu nitunze pumzi. Mwalimu alitupokea mlangoni kwa furaha, akafungua mdomo kutusalimu, na mimi nikasikia hapo hapo, katika neno la kwanza. Hewa ilikuwa inavujia kushoto, nene, yenye majimaji. Sikuthubutu kugeuka. Nilijua ananitazama. Halafu watoto wakasimama kutuamkia, wote arobaini na wawili kwa pamoja, na ile shikamoo haikuwa na tatizo, lakini walipoketi na mmoja wao akaendelea kusoma ubaoni, sa, se, si, so, su, na wenzake wakimfuata, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Karibu nusu ya darasa ilikuwa inapuliza kwa upande wa kushoto.

Mama hakuisikia. Aliiona kwangu. Aliomba watoto watolewe nje kucheza, akafunga mlango, akasimama mbele ya lile dawati la mwalimu kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mwalimu, kosa si lako, wala si la meno yako," alisema. "Ni langu. Siku ile nilipaswa kukupima kwa karatasi, nikakuonea haya."

Akamweleza yote, masikio, gesi, kistari cha kwenye daftari. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilikuwa najiandaa kwa maneno makali, na yangekuwa haki yake. Aliuliza kama watoto nao wameambukizwa. Mama alisema anaogopa ndiyo. Mwalimu akalegeza tai, akavuta kiti, akakaa na kusogeza uso wake mbele.

"Basi leo, dada, usinionee haya."

Mama alitoa shashi mkobani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo karatasi ilikuwa inacheza hata kabla Mwalimu hajatamka kitu, na ilimbidi aushike mkono mmoja kwa mwingine. Katikati, karatasi ilitulia. Upande wa kushoto, ilipepea.

Kilichofuata ndicho ninachopenda kukumbuka. Tulipima vinywa arobaini na viwili. Watoto kumi na saba walikuwa na ile s ya kushoto, lakini tulipowasikiliza wakicheza uwanjani, kumi na mmoja kati yao waligombania mpira kwa s safi kabisa. Kumbe walidhani ile nyingine ni sauti ya kusomea. Mwalimu anasoma hivyo, kwa hiyo kusoma ndiko kuko hivyo. Hao tuliwarudisha kwa siku nne. Waliobaki, sita, walikuwa wameichukua mpaka nyumbani, na mama wa mmoja alikuwa ameshaanza kumpa dawa ya kifua.

Tangu siku hiyo Mama amekuwa akifika shuleni kila asubuhi saa moja na robo, na mimi nyuma yake, nikiwa masikio yake. Fundi wa meno alizichonga upya kingo za yale meno bandia zilizokuwa zinausukuma ulimi pembeni, na Mwalimu akaanza mazoezi mbele ya darasa lake mwenyewe, karatasi mdomoni, watoto wakimhukumu. Hawakumhurumia. Mama aliwaambia ulimi ni mfereji, hewa ni maji, na maji hayaruhusiwi kumwagika kwenye shavu. Mumewe alikuja siku moja na mpira wa maji kuonyesha ule mfano, akalowanisha safu mbili za mbele, na hakuna somo lililoeleweka kama lile. Wiki ya pili s ya Mwalimu ilirudi katikati. Nilipotikisa kichwa, Mama alinitaka nirudie kutikisa, kisha akampima yeye mwenyewe kwa karatasi mara sita. Mwalimu alikaa ametulia mara zote sita.

Hadi Ijumaa iliyopita watoto wote walikuwa wameruhusiwa ila mmoja. Ni msichana wa miaka sita anayekaa dirishani, mwerevu, msemaji, aliyefanya bidii kuliko wote. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Jumatatu alikuja na pengo: meno mawili ya juu ya mbele yametoka kwa pamoja, na yeye anayaonyesha kwenye mfuko wa karatasi kwa fahari. S haina pa kugonga mpaka mengine yaote, na hakuna karatasi wala sikio linaloweza kumhukumu kwa sasa.

Mama alitaka kuomba aongezewe miezi mitatu. Aliandika barua, akaipeleka nusu ya korido, akarudi nayo. Aliniambia kwamba akimsubiri huyu aote meno, kesho atatokea mwingine, na mtu asiyesikia s hapaswi kukaa kwenye kiti cha kusikiliza s hata kama kiti chenyewe kimeshachukua umbo lake. Nilimwona akilia kidogo, amegeukia dirisha. Kisha akafungua daftari, akaandika mstari wa yule msichana, safu zote mbili akaziacha tupu, na chini yake akaandika cheo changu mahali pa mwenye dhamana.

Kwa hiyo anaondoka na mstari mmoja wazi, yeye aliyetaka kuondoka na daftari safi. Na mimi naupokea. Naogopa, nisiwadanganye. Naogopa kwamba siku moja atakuja mtu wa heshima zake, nami nitaiinua karatasi na kuirudisha mezani. Naogopa kwamba sikio langu nalo litaondoka bila kuaga. Nilimwambia hayo juzi, tukipanga makabati, nikitegemea atanitania kama kawaida. Hakunitania. Alisema kuogopa huko ndiko alikokuwa amekosa siku ile ya Mwalimu, na kwamba anakiacha chumba mikononi mwa mtu mwoga kwa makusudi.

Yeye ndiye aliyeniagiza niyaandike haya yote hapa, mbele yenu, wakati wengine walishauri tuishie kwenye kisa cha madirisha. Anataka wenzetu wa idara nyingine wajue kwamba masikio ya mtaalamu nayo hupimwa, na kuanzia mwezi ujao yatapimwa kila baada ya miezi sita. Yake yameshapimiwa vifaa vya kusaidia kusikia. Mpima masikio anasema vitamrudishia baadhi ya alivyopoteza, si vyote. Mumewe ameshaweka kengele ya kunusa gesi jikoni, na amejitolea kuwa mgonjwa wake wa kwanza wa nyumbani, maana anadai th yake haijawahi kukaguliwa kwa miaka thelathini na sita ya ndoa.

Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi, benchi la korido, na watu mia sita na ushee waliotoka Chumba Namba Kumi na Moja wakiwa na sauti ambazo hawakuingia nazo, tunasema tumeona kazi yako, Mama. Tunakuombea afya, jikoni salama, wajukuu wenye kelele, na asubuhi ambazo saa moja na robo itakukuta bado umelala.

Kwa mliomo ukumbini, nina ombi. Mshereheshaji atakapowaomba msimame kumshukuru, tafadhali msianze na makofi. Kwenye kona ya ukurasa huu mtaona kipande cha shashi kimebanwa kwa pini. Kichomoeni. Kishikeni mbele ya mdomo, katikati, kisha semeni asante, polepole, mkiivuta ile s mpaka karatasi ipepee. Yeye atakuwa amekaa mbele, amewageukia. Hataisikia, lakini ataiona kwa kila mmoja wenu.

Mimi nitasimama mstari wa kwanza. Kama karatasi yangu itaanza kucheza kabla sijafungua mdomo, atajua ni mkono, na atajua kwa nini.